UZI: Nikiezeka nyumba kwa paneli zenyewe, si nitaokoa pesa ya mabati?

#1 Mjenzi_wa_Mwiki
Wakuu, salamu. Niko kwenye linta. Ploti ni ya 40 kwa 80 huku Mwiki, nyumba ya chini na juu, paa litakuwa kama mita mraba 120. Fundi wa kuezeka amenipa bei ya mabati ya rangi. Wa sola naye amenipa bei ya paneli tisa za kukaa juu ya hayo mabati. Usiku nikakosa usingizi: kwa nini ninunue paa mara mbili? Paneli ni kioo na alumini, maji hayapiti. Si niache mabati, nipige mbao, nilaze paneli, yaishe? Msanifu wangu, kijana tu, ameshachora paa la namna hiyo pamoja na ukuta wa kioo cha sola upande wa barabara. Anasema dunia inaelekea huko. Mama watoto anasema dunia iende salama, yeye anataka nyumba isiyovuja.

Walio na habari, kwa nini sizioni nyumba kama hizo Nairobi?

#2 Kiti_cha_Nyuma
Huzioni kwa sababu ziko Runda, kwa matajiri. Sisi tunaona geti.

#3 FundiWaya
Mkubwa, nina leseni ya T3 ya mafundi wa sola na kazi yangu ni hii, kwa hivyo nisikilize kabla hujamwaga pesa. Maji hayapiti kwenye paneli, kweli. Yanapita KATI ya paneli na paneli. Fremu mbili zikikaribiana kuna mwanya wa kidole, na mvua ya Aprili ikija na upepo hupanda kinyume cha mteremko. Paa la paneli tupu linataka mifereji midogo chini ya kila mwungano, ama vigae maalum vya sola vinavyolaliana kama magamba ya samaki. Hizo ni bidhaa tofauti na paneli unayoiona dukani River Road.

La pili ni joto, na hapo ndipo watu huchanganya. Paneli inapenda mwanga, joto inalichukia. Ile namba ya wati 550 mgongoni imepimwa seli, vile vipande vya ndani vinavyotoa stima, zikiwa digrii 25. Kila digrii moja ikizidi, unapoteza karibu asilimia 0.35. Ukiiinua juu ya mabati na kuacha nafasi ya kiganja, hewa hupita, saa saba mchana seli ziko digrii 45 au 50. Ukiilaza kwenye mbao bila pumzi huenda ikafika 65 na zaidi. Hizo ni digrii 40 juu ya kipimo, asilimia 14 imekwenda. Paneli ya 550 inakupa 473.

#4 Tangi_Juu
FundiWaya hapo #3 ameanza vizuri halafu akatetea biashara yake ya kuuza fremu 😂

#5 FundiWaya
Fremu nanunua kwa fundi wa kuchomelea kama wewe unavyonunua mandazi. Endelea.

#6 Mjenzi_wa_Mwiki
Asante fundi. Lakini asilimia 14 ya paneli tisa si ni paneli moja na robo? Mabati ya paa zima yananila zaidi ya hapo. Bado hesabu iko upande wangu.

#7 Ruto_la_Mstatili
(jina langu ni la hisabati, msianze siasa)

Hesabu haiko upande wako, mwenye uzi. Paneli ya 550 ni kama mita 2.28 kwa 1.13, yaani mita mraba 2.6. Tisa zinafunika mita 23 na ushei. Paa lako ni 120. Zile 97 zilizobaki utaezeka na nini, maombi? Ama uwe na mabati sehemu kubwa, na hapo hujaokoa kitu, ama uezeke lote kwa sola. Lote, ukitoa kingo, ni kama kilowati 23. Nairobi kilowati moja hutoa wastani wa yuniti 4 kwa siku hivi, siku ya jua zaidi, Julai chini yake. Utakuwa na yuniti 90 kwa siku. Nyumba yako itakula 8, ukipika kwa stima pengine 12. Hizo nyingine utazipeleka wapi?

#8 Wanja_Hesabu
Anauza kwa Kenya Power! Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu. Mita inarudi nyuma.

#9 Mzee_wa_Faili
Dada, rudi nyuma pole pole. Mita hairudi nyuma. Sheria ya 2019 ilifungua mlango, lakini kanuni zenyewe za kubadilishana stima zilitoka 2024. Huuzi. Unapewa mkopo wa yuniti, na mkopo wenyewe ni nusu: ukisukuma yuniti mbili kwenye gridi, unawekewa moja ya kuja kutumia baadaye. Hakuna hela inayokuja kwenye M-Pesa. Wa kujenga kituo cha kilowati 23 ili apate nusu ya anachosukuma, huyo anapenda jua kuliko watoto wake.

#10 Wanja_Hesabu
Sawa Mzee, nimesimama kando. Lakini nusu si sufuri.

#11 Kiti_cha_Nyuma
Wanja hata akishindwa hashindwi.

#12 Msanifu_Makini
Nachora majengo, kwa hivyo nimtetee huyo kijana kidogo. Mnazungumza kana kwamba sola kwenye jengo ni paneli na mabati peke yake. Kujenga na jua ni kuuliza kila kipande cha nyumba kinafanya kazi ngapi. Paa linazuia mvua. Linaweza pia kutoa stima. Kivuli cha gari kinazuia jua, kinaweza pia kutoa stima. Nendeni Garden City, Thika Road, mkaangalie maegesho ya juu: pale paneli NDIZO paa la magari, kilowati 858 tangu 2015. Gari halihitaji dari isiyopitisha tone, kwa hivyo ile shida ya FundiWaya ya mwanya haipo. Ndiyo sola ya kwanza kubwa kuunganishwa na jengo Kenya hii.

#13 Gigiri_Pembeni
Si ya kwanza, Msanifu. Jengo jipya la ofisi za Umoja wa Mataifa hapa Gigiri lilifunguliwa 2011, Ban Ki-moon na Rais Kibaki wakiwepo. Mita mraba 6,000 za paneli juu ya paa, kilowati 515. Nalo lilichorwa tangu mwanzo litumie stima kidogo: mwanga wa mchana unaingia katikati, hewa inapita yenyewe, wafanyakazi 1,200 ndani na hakuna viyoyozi vya kawaida. Nadhani hilo ndilo watu husahau. Walipunguza njaa ya jengo kwanza, ndipo wakahesabu paneli.

#14 Nyota_ya_Madaraka
Na Chuo Kikuu cha Strathmore je? Megawati 6 pale juu.

#15 Gigiri_Pembeni
Kilowati 600, si megawati 6. Umeongeza sufuri ukidhani hatutahesabu. 2014.

#16 Nyota_ya_Madaraka
Nilisoma pale, wacha niwapandishe hadhi.

#17 Msanifu_Makini
Nakubali Gigiri ilitangulia. Hoja yangu imebaki palepale.

#18 Mama_wa_Umoja
Hamjambo. Mimi sijengi, napanga Umoja, ghorofa ya nne kati ya nane. Mnataka kujua kwa nini hamwoni paneli kwenye majengo ya watu wa kawaida? Pandeni juu ya ploti yoyote, yaani jengo la wapangaji. Juu kuna matangi, na kamba za nguo. Kamba kila mahali. Jumamosi asubuhi ukichelewa hadi saa tatu huna pa kuanika, na ukianika bila kukaa karibu sare ya mtoto inatembea. Sasa mwenye nyumba akijaza pale paneli, mablanketi yetu tutayaanika wapi, kwenye tokeni?

#19 Kiti_cha_Nyuma
Uzi umefungwa. Mama ameshinda.

#20 Tangi_Juu
Hapana, Mama amegusa penyewe. Paa la Nairobi si la mwenye nyumba peke yake. Kuna tangi, kamba, dishi, mlingoti wa simu, na yule jamaa anayefuga kuku kisirisiri.

#21 Ruto_la_Mstatili
Kamba ni kisingizio. Hata ukiondoa kamba, ghorofa nane haziwezi kulishwa na paa moja. Wapangaji wengi, paa dogo. Hiyo ndiyo sababu.

#22 FundiWaya
Leo Mstatili umeteleza kwenye hesabu yako mwenyewe. Chukua ploti ya kawaida ya Umoja au Pipeline, useme slabu ya juu inakuachia mita mraba 200 baada ya matangi. Hizo ni kilowati 40 hivi. Mara yuniti 4, ni 160 kwa siku. Ghorofa nane, nyumba nane kila ghorofa, ni 64. Gawanya: yuniti 2.5 kwa kila mpangaji. Chumba kimoja chenye taa, runinga, simu na redio hakifiki hapo. Friji ndogo inaweza kuingia. Birika na pasi ndizo zitakushinda.

#23 Ruto_la_Mstatili
Nimehesabu upya. Iko sawa. Naondoka na aibu yangu.

#24 Mama_wa_Umoja
Lakini mchana niko sokoni Gikomba, mtoto yuko shule. Hizo 2.5 zitanisubiri?

#25 FundiWaya
Hapo ndipo kuna betri, mama, na hapo ndipo mwenye nyumba hukunja daftari.

#26 Mzee_wa_Faili
Hukunja pia kwa sababu nyingine. Kila nyumba ina mita yake ya tokeni. Bili ni ya mpangaji. Mwenye nyumba akiweka milioni kadhaa juu, anayepunguziwa gharama ni mpangaji, yeye anabaki na deni. Akitaka kuwauzia hiyo stima, ameingia kwenye biashara ya kusambaza umeme, na huko kuna EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, na leseni zake. Kwa hivyo huwekea sola taa za ngazi na pampu ya maji, basi. Si kamba wala ukubwa wa paa. Ni nani analipa na nani anafaidi.

#27 Mama_wa_Umoja
Mzee, unasema hivyo kwa sababu hujawahi kufua.

#28 Keateka_Mstaafu
Nilikuwa keateka, msimamizi wa ploti moja Zimmerman, miaka sita. Mwenye nyumba alimsikiliza mkewe. Aliinua paneli juu ya nguzo za chuma, futi nane hivi kutoka slabuni, watu wapite chini. Kamba zikafungwa kwenye nguzo hizo hizo. Mvua ikinyesha nguo hazilowi sana, ukitoa zile za pembeni. Wapangaji wakafurahi mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili wakaanza: jinzi hazikauki, kivuli kimekuwa kingi. Wengine wakasema nguo za rangi sasa hazipauki. Nikawa nasuluhisha kesi za kamba za jua na kamba za kivuli. Kamba za pembeni, zilizokuwa zinapata jua la saa tisa, zilikuwa na wenyewe kama viti vya mbele kanisani.

#29 Msanifu_Makini
Keateka, hicho ulichoeleza ndicho tunafundishwa miaka na hatujui kukisema vizuri. Paneli imekuwa dari, kivuli, na nguzo ya kamba. Ukiacha mwanya kati ya paneli na paneli, au ukitumia zile za kioo mbele na nyuma zinazopitisha mwanga katikati ya seli, jinzi zingekauka.

#30 Keateka_Mstaafu
Jinzi hazikauki Julai hata ukizianika Turkana.

#31 Bandari_Salama
Wakenya, poleni na stima yenu. Sisi huku Dar tunaita umeme 😄 Nina swali: mwenye uzi paa lake linatazama wapi? Kanuni ni kwamba kusini ya ikweta paneli zitazame kaskazini.

#32 FundiWaya
Karibu jirani. Kanuni hiyo ni ya Johannesburg. Nairobi iko digrii 1 na robo tu kusini ya ikweta. Kuanzia karibu na Machi hadi Septemba jua la mchana liko kaskazini yetu, nusu ya mwaka iliyobaki liko kusini. Juni saa sita na nusu liko digrii 65 juu ya upeo, Desemba 68. Halikai mbali na utosi wako. Paa la mteremko mdogo, digrii 10 hadi 15, litazame kokote, tofauti ya mwaka mzima ni ndogo. Mteremko unauweka ili mvua ioshe vumbi. Ukilaza bapa kabisa, tope hujikusanya ukingoni mwa fremu na kufunika mstari wa chini wa seli.

#33 Bandari_Salama
Nimekubali. Kwa hiyo hata ule ukuta wa kioo wa msanifu unafaa?

#34 FundiWaya
Hapo sasa ndipo ikweta inapokusaliti. Jua likiwa utosini, ukuta unalikosa. Ukuta uliosimama wima hapa hupata nusu ya mwanga unaopata paa, au pungufu ya nusu. Ule wa kaskazini unakaa kivulini nusu mwaka, wa kusini nusu ile nyingine. Wa mashariki na magharibi hupata jua la asubuhi au jioni, lakini ni lile lile linaloichoma sebule yako. Ulaya jua liko chini, ukuta wa sola unaeleweka. Hapa unanunua kioo ghali kikupe nusu.

#35 Msanifu_Makini
Ukuta bapa, nakubali. Lakini Nairobi ilijua dawa ya jua hili zamani. Tembea mjini uangalie majengo ya miaka ya 60 na 70: yale mabawa ya saruji juu ya madirisha, zile fremu zinazofanana na masanduku ya mayai. Yanakata jua kabla halijafika kwenye kioo. Baadaye tukaiga minara ya kioo kitupu, tukaweka viyoyozi. Sasa chukua bawa lile la juu ya dirisha, lilaze kwa mteremko wa digrii 15, liwe paneli. Linapata mwanga karibu kama paa, linakupa kivuli, na upepo unapita juu na chini kwa hivyo halichemki. Kijana achore mabawa, aachane na ukuta wa kioo.

#36 Mjenzi_wa_Mwiki
Nimemwonyesha kijana #34 na #35. Amenuna kwanza, halafu akaniuliza wewe ni nani. Nimemwambia ni mtu wa mtandaoni.

#37 Msanifu_Makini
Mwambie aniandikie inboksi, nilinuna hivyo hivyo nikiwa na umri wake.

#38 Kitengela_Upepo
Nami niseme la kwangu ndipo mjue si wote ni wa nadharia. Nilijenga Kitengela miaka mitatu iliyopita. Nikaingiza paneli NDANI ya paa, zikae sawa na vigae, kwa sababu nilitaka urembo. Fundi wa paa alisema kazi yake inaishia kwenye shimo. Fundi wa sola alisema kazi yake inaanzia kwenye fremu. Kati ya shimo na fremu hapakuwa na mwenyewe. Mvua ya kwanza, beseni tatu chumbani. Nikawaita wote siku moja, wakasimama juu ya paa wakionyeshana vidole mimi nikiwa chini na ngazi. Nililipa mtu wa tatu kuziba. Kwangu sababu ya kutoona nyumba hizi si hesabu zenu. Ni kwamba paa la namna hii linataka fundi mmoja mwenye vichwa viwili, na hatujamzaa.

#39 Mama_wa_Umoja
Uliwatoa ngazi wakiwa juu?

#40 Kitengela_Upepo
Nilifikiria.

#41 Tangi_Juu
Kumbe ndiyo maana mama watoto wa mwenye uzi alisema kuhusu kuvuja. Huyo ndiye mhandisi wa nyumba hiyo.

#42 Gigiri_Pembeni
Vigae vya sola vya kulaliana havina shida hiyo ya shimo, na Nairobi si wageni navyo. Strauss Energy ni kampuni ya hapa hapa, ya Charity Wanjiku, ambaye ni msanifu wa majengo, pamoja na nduguye Tony Nyagah. Walikuja na vigae vya sola vya kuezekea nyumba. Watu hudhani wazo hili lililetwa na Tesla walipoonyesha paa lao 2016.

#43 Ruto_la_Mstatili
Nimerudi na aibu yangu. Vigae vina tatizo jingine: viungo. Paneli tisa zina viungo vya waya vya kuhesabika. Vigae ni mamia, kila kimoja kina kiungo. Kimoja kikilegea, utakitafuta wapi chini ya paa zima? Na stima ya DC, ile ya paneli inayokwenda upande mmoja tu, ikiruka cheche haizimiki upesi kama ya ukutani.

#44 FundiWaya
Hilo ni la kweli. Ndiyo maana nasisitiza swichi ya kukatia DC iwekwe mahali mtu mzima anafikia bila kupanda juu.

#45 Nyota_ya_Madaraka
Niulize swali la kijinga. Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza, kaka yangu ana paneli kumi South C, naye alikaa gizani na sisi. Alituaibisha. Paneli ziliharibika?

#46 FundiWaya
Si swali la kijinga, ni swali ninaloulizwa kila wiki. Ilikuwa usiku, moja. Pili, hata ingekuwa mchana, inveta, kile kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya matumizi ya nyumbani, ikiwa ni ya kuunganishwa na gridi bila betri hujizima gridi ikizima. Imetengenezwa hivyo makusudi, isije ikasukuma stima kwenye waya ambao fundi wa laini ameushika akijua umekufa. Anayetaka taa ziwake giza likiingia anunue inveta ya mseto na betri. Uchungu ni kwamba watu huuziwa ile ya kwanza wakidhani ni ya pili.

#47 Nyota_ya_Madaraka
Nimemtumia. Amenijibu "sawa" peke yake. Imemuuma.

#48 Wanja_Hesabu
Mbona basi tunahangaika? Stima ya gridi Kenya karibu asilimia 90 ni ya mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Mtu wa Poland akiweka paneli ukutani anaokoa dunia. Sisi tunaokoa nini?

#49 Mzee_wa_Faili
Tunaokoa tokeni, dada. Dunia itajiokoa.

#50 Mombasa_Road_Vumbi
Hakuna aliyetaja marabou, wale korongo wakubwa. Ofisi yetu haiko mbali na ile miti ya uwanja wa Nyayo wanakokaa. Paneli 30 juu ya paa, zimeandikwa huduma miaka 25. Marabou hawakuambiwa. Kinyesi kimoja cha yule ndege kinafunika seli mbili nzima, na seli moja iliyofunikwa huvuta chini thuluthi ya paneli, maana kuna dayodi zinazoiruka safu hiyo. Mvua haikitoi. Tumeajiri mtu wa brashi. Msanifu aliyechora paa lile hakuacha hata njia ya kukanyaga, kwa hivyo kijana anatembea kwenye mfereji wa gata kama paka.

#51 Kiti_cha_Nyuma
Marabou ni mkaguzi wa kaunti.

#52 Tangi_Juu
Kuhusu kivuli, #50 amenikumbusha kitu. Jina langu si la bure. Niliweka paneli kwanza, tangi la lita 5,000 baadaye, kwenye mnara wa futi sita. Kuanzia saa nane kivuli cha tangi kinapita juu ya paneli mbili kama mshale wa saa. Zote zilikuwa zimeungwa mfululizo. Nilipoteza zaidi ya nilivyotarajia hadi FundiWaya mmoja, si huyu, akanigawia mistari miwili. Anayejenga upya, chora tangi na paneli siku moja kwenye karatasi moja.

#53 Mama_wa_Umoja
Na kamba.

#54 Tangi_Juu
Na kamba, mama.

#55 Msanifu_Makini
Mjenzi, uzito pia umwambie kijana. Paneli na reli zake ni kilo 12 hadi 15 kwa mita mraba. Mabati ni kilo 3 au 4, vigae vya udongo vinapita 40. Mbao za paa la mabati zikichorwa bila kuhesabu paneli, utakuja kuongeza baadaye juu ya mbao zilizokonda. Zilizochorwa kwa vigae vya udongo hazitasikia kitu.

#56 Mjenzi_wa_Mwiki
Wakuu, nimesoma yote usiku wa jana. Nimefika hapa: mabati yabaki. Paneli tisa juu yake kwa nafasi ya kiganja, mteremko digrii 12. Mbao zihesabiwe upya. Bawa moja la paneli juu ya dirisha la sebule, kijana afurahi. Slabu ndogo nyuma ya kamba za mama watoto, tangi lisimame kando yake, upande ambao kivuli hakifiki kwenye paneli. Ukuta wa kioo umekufa.

#57 Wanja_Hesabu
Umeacha ndoto. Mimi bado nasema ungejaribu vigae hata nusu ya paa. Kila mtu akiogopa kuvuja, huyo fundi wa vichwa viwili atazaliwa lini?

#58 Kitengela_Upepo
Wanja, njoo na beseni zako.

#59 Mzee_wa_Faili
Kaulize kitu kimoja, Mjenzi, kabla hujapanda. Jirani zako wamejenga?

#60 Mjenzi_wa_Mwiki
Upande mmoja nyumba ya chini tu, mzee wa kanisa. Upande wa pili ploti tupu, kuna mahindi.

#61 Mzee_wa_Faili
Mahindi ya Mwiki hugeuka ghorofa saba msimu mmoja. Hakuna sheria niijuayo hapa inayokupa haki ya jua la ploti ya jirani.

#62 FundiWaya
Inategemea upande. Saa sita kivuli cha ghorofa ni kifupi, hakikudhuru sana. Asubuhi na jioni ndizo zinaliwa. Akijenga mashariki una nafuu, maana Juni hadi Agosti asubuhi za Nairobi ni mawingu tu hadi saa nne au tano, hupotezi kitu ulichokuwa nacho. Jua letu zuri la msimu ule ni la mchana kuelekea jioni. Mahindi yako upande gani?

#63 Mjenzi_wa_Mwiki
Magharibi. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Kuna lori la mawe limeegeshwa, na mtu anayapima mahindi kwa kamba.

#64 Kiti_cha_Nyuma
Muulize kama ana nafasi ya kuanika.